Chumba Kilichotandikwa Kabla ya Kura

Bi Zakiya alikuwa na ugonjwa mmoja tu, na ugonjwa huo Maskati nzima hauna daktari: alikuwa akimtaka ndugu yake. Presha anayo, sukari anayo, na goti la kushoto humlalamikia kila akipanda ngazi za nyumba yao ya Darsait, lakini hayo ana vidonge vyake. Marhoon hana kidonge. Marhoon yuko Pemba, kijiji cha Mtondooni, katika nyumba ile ile waliyozaliwa, na katika watoto wote wa mama yao wamebaki wawili tu, yeye na Zakiya. Alimtaka aje akae. Si kuja kutembea wiki mbili na kurudi na begi la tende na halwa, la! Aje azeeke hapa, asubuhi wanywe kahawa pamoja, wagombane kidogo juu ya nani aliyevunja mtungi wa bibi yao, mpaka jua lichwe.

Utauliza, na mwenyewe mbona haendi? Swali zuri, nalo tutalifikia. Ukimuuliza Bi Zakiya atakwambia mwanzo mume hakutaka, Mungu amrehemu, kisha watoto wakawa wadogo, kisha goti. Aliondoka Mtondooni bi harusi, hina haijafutika miguuni, na mpaka leo ana wajukuu hajarudi hata kwa siku moja. Kiswahili chake ni kile kile alichoondoka nacho. Watoto wake wanachanganya na Kiarabu, wajukuu wanamjibu kwa Kiarabu kitupu, na yeye anaendelea tu, "Njoo ule, mwanangu, chakula kinapoa," kama yuko jikoni kwa mama yake.

Sasa, mwaka jana mke wa Marhoon alifariki. Marhoon ni mwalimu mstaafu, wanawe wote wako Dar es Salaam na shughuli zao, na ile nyumba ikawa kubwa mno kwake. Sauti yake kwenye simu ikapungua. Zakiya akimuuliza hali, hujibiwa, "Nipo, dada. Alhamdulillahi," basi, kimya. Zakiya akapata nguvu ya kusema lile alilokuwa akilisema kila mwaka, ila safari hii akalisema huku analia. Na Marhoon, kwa mara ya kwanza, akakubali. "Haya, dada. Nitakuja."

Lo! Ungemuona Bi Zakiya wiki ile ungesema anaozesha. Goti likapona ghafla. Alikwenda Matrah mwenyewe, akapita vichochoro vya sokoni akinunua mashuka meupe, mito, udi na ubani, akigombana na wenye maduka juu ya bei mpaka wakamuonea huruma. Chumba cha mwisho kikapakwa rangi, kikatiwa godoro jipya na kiti cha mkono karibu na dirisha, kwa sababu Marhoon hupenda kusoma akikaa penye mwanga. Kwa mama yao, Bi Thuwaiba, ilikuwa ndiyo desturi: mtu wa safari, chumba chake hutandikwa kabla yeye hajafunga mizigo. "Kitanda kikitandikwa kwa nia," Bi Thuwaiba alikuwa akisema, "humwita mwenyewe." Basi Zakiya akakitandika, akafukiza ubani, akatia asumini juu ya mto. Zikikauka, anabadilisha.

Karatasi za safari ziko njiani, na Marhoon ameshaanza kugawa kuku wake, akafariki Mwakilishi wa jimbo lao. Mtu mzima, aliugua siku nyingi, Mungu amlaze pema. Kiti chake katika Baraza la Wawakilishi kikawa wazi, ukatangazwa uchaguzi mdogo, na watu wa Mtondooni wakamfuata nani? Wakamfuata Mwalimu Marhoon, aliyewafundisha nusu yao kusoma na kuwachapa nusu nyengine. Walimkuta barazani wakakaa mpaka akachoka kukataa.

"Dada, nipe muda kidogo," alisema kwenye simu. "Nisimame tu, niwaridhishe. Nikishindwa, nakuja. Wallahi nakuja."

"Na ukishinda?"

"Mimi? Nishinde na uzee huu?"

Lakini Zakiya alimjua. Marhoon hakuwahi kufanya jambo la kuwaridhisha watu tu. Tangu siku ile, akisali, akimaliza kuwaombea wazazi na watoto, hukaa kidogo juu ya msala bila ya kusema neno. Hawezi kumuomba Mungu ndugu yake ashindwe, ni aibu. Kumuombea ashinde hawezi pia. Huinuka akaukunja msala.

Ajabu ni kwamba uchaguzi wa hapa Oman haujawahi kumkosesha hata usingizi wa mchana. Ya Majlis ya Shura, baraza la huku, alipiga kura kwa simu yuko jikoni, binti yake Shurooq akimuonyesha pa kubonyeza, unga bado uko vidoleni, akarudi kwenye chapati zake. Na huu uchaguzi mdogo wa huko, ambao yeye hana kura, hana kadi, hana hata uraia, ndio uliomfanya akeshe. Mtu kwao, bwana.

Kosa lake alilifanya wiki ya mwisho ya kampeni. Alikuwa chumbani akibadilisha asumini, hamu imempanda kichwani, akamwita Rashidah. Rashidah ni mwanamke wa Kiganda anayefanya kazi pale nyumbani, mtulivu, ana mtoto kwao Masaka anayelelewa na bibi yake. Akampa simu, akamwambia amchukue video. Akaonyesha kitanda, mito, kabati. Mwisho akakipiga kofi kile kiti cha mkono na kusema, "Waachie kiti chao, Marhoon! Kiti chako hiki hapa. Njoo upumzike, watu hao hawana shukrani!"

Angempelekea Marhoon peke yake, ingekuwa salama. Lakini furaha haikai peke yake, na hamu vile vile. Akampelekea na Mahbuba, mtoto wa ami yao huko huko Mtondooni. Jamani! Mahbuba ukimpa siri, heri uende ukaitangaze msikitini, maana huko itachelewa kidogo kufika. Mahbuba aliiona ile video akalia kwa huruma, kisha akaitia katika kundi la simu la wanawake wa arusi, waone dada alivyo na mapenzi. Kesho yake wapinzani wa Marhoon waliicheza mkutanoni kwenye spika kubwa.

"Mnataka Mwakilishi au mnataka msafiri?" mtu wao aliuliza. "Huyu keshatandikiwa kitanda Maskati! Mpeni kura, kisha mumtafute kwa simu. Na nyinyi mumesikia, hamna shukrani!"

Marhoon alipiga simu Alhamisi mchana. Zakiya alipoiona akakaa chini kabisa, kwenye sakafu ya jikoni.

"Dada," alisema, "kitanda chako kimefika huku kabla mimi sijafika huko."

"Yule Mahbuba! Nitamkata ulimi!"

"Mwache Mahbuba. Mahbuba ndivyo alivyoumbwa." Akacheka kidogo. "Mwanamke mmoja kanisimamia leo mbele ya watu, kaniambia, 'Mwalimu, wewe hutaki kura, wewe unataka begi.' Watu wamecheka mpaka wamekaa chini. Na mimi nimecheka. Lakini wameanza kurudi nyuma, dada. Hasa wanawake."

Zakiya alianza kusema nisamehe, naye akamkatiza.

"Sikiliza," Marhoon akaendelea, na sasa hakuwa anacheka. "Kesho baada ya alasiri ndio mkutano wa kufunga kampeni. Wazee wa huku wanasema wewe ndiye uliyesema, na wewe ndiye watakayemuamini. Watakupigia, simu iwekwe kwenye kipaza sauti. Useme unachotaka kusema. Lakini sikulazimishi. Nilikuahidi nikishindwa nakuja, na ahadi yangu iko pale pale. Kama unataka nije, huna haja ya kunifanyia lolote. Usiipokee simu. Nyamaza tu."

Nyamaza tu! Wewe uliyewahi kutamani kitu kwa miaka hata ukasahau ulianza lini, fikiria unaambiwa ukae kimya saa moja tu ukipate. Bila ya dhambi, bila ya uongo, na mwenyewe keshakupa ruhusa.

Ijumaa asubuhi Shurooq alikuja na watoto. Anafanya kazi wizarani, msichana wa maneno machache, na mama yake alipomueleza hakufikiri hata kidogo. "Usiipokee, mama. Khali, mjomba mwenyewe, kakwambia. Miaka yote unalia unamtaka Khali Marhoon, leo Mungu anakupa, unataka kumrudishia?"

"Na wale watu wa huko?"

"Watamchagua mwengine. Kiti hakikosi mtu wa kukikalia. Wewe ndugu utapata wapi?"

Maneno yake yalikuwa ya haki, na Zakiya alimpenda kwa kuyasema. Akaingia jikoni kutazama wali, akamkuta Rashidah anamenya vitunguu.

"Mama, mimi samahani kwa ile video," Rashidah alisema. "Mimi ndiye niliyeshika simu."

"Wewe ulishika simu, mimi ndiye niliyeshindwa kuushika ulimi. Ulimi hauna mfupa."

Rashidah akatabasamu. "Ile video nilimwonyesha mama yangu. Alifurahi sana. Akasema, 'Hata huko kwa Waarabu wanatandika kama mimi.' Kitanda changu kule Masaka yeye hukitandika kila Jumamosi. Mtoto wangu akitaka kukilalia, anamfukuza. Namwambia mama, mwache alale, mimi mkataba wangu bado. Anasema, hapana, ni cha mwenyewe."

Bi Zakiya aliinama juu ya sufuria. Alikoroga wali usiohitaji kukorogwa, akatoka.

Na hapa ndipo pahali pa lile swali lako. Kwa nini hakurudi? Goti lisingiziwe tu, goti halina kosa. Bi Zakiya alikuwa akiogopa. Mama yake alikufa wakati yeye ana Shurooq mchanga kifuani, hakuweza kusafiri, akaletewa habari tu. Basi kichwani mwake Bi Thuwaiba hakufa. Yuko Mtondooni, kakaa kwenye kibao cha mbuzi anakuna nazi, na kuku wanamzunguka. Siku atakayokwenda, atafungua mlango wa jiko na hatomkuta mtu. Ndiyo maana alimtaka Marhoon aje. Marhoon angekuja na Mtondooni yote mdomoni mwake, ile ya zamani, na yeye asingelazimika kuufungua mlango ule.

Alikaa kitandani kwake akaanza kusikiliza sauti alizorekodi Marhoon, zile alizozihifadhi. Za mwaka jana zilikuwa fupi. "Nipo, dada. Alhamdulillahi." "Nipo, dada. Mvua inanyesha." Kisha akasikiliza za mwezi huu. Loo, mtu mwengine! Marhoon anaeleza juu ya bomba la maji lililokauka, juu ya kituo cha afya ambacho mlango wake umefungwa kwa kamba, juu ya bibi mmoja aliyemwambia atampa kura akimpa na mume. Anaongea, anachekea maneno yake mwenyewe, anasahau kusalimia, anasahau kuaga. Moja aliikata katikati kwa kuwa kuna watu wamefika. Zakiya alitaka kukasirika kwa kusahauliwa. Badala yake akaisikia ile sauti ya mwalimu iliyokuwa ikisikika kutoka skuli mpaka nyumbani, mama yao akisema, "Msikieni huyo, keshaanza."

Chumba kile alimtandikia mtu aliyechoka, naye huyu hajachoka. Zakiya alilia pale pale, akalia kwa uchungu hasa, kwa sababu alishajua atafanya nini, na hakupenda.

Baada ya sala ya alasiri aliingia katika kile chumba na kufunga mlango. Huko Pemba ni saa moja nyuma, muda alikuwa nao. Akaokota asumini juu ya mto, moja moja. Akavua foronya. Akavuta shuka la juu, la chini, akayakunja vizuri akayaweka juu ya kiti cha mkono, godoro likabaki tupu. Shurooq alifungua mlango, akamuona, akataka kusema neno. Alimtazama mama yake usoni, akaufunga tena taratibu.

Simu ilipolia Zakiya aliipokea mara moja, asije akapata nafasi ya kujuta. Kwanza akasikia upepo, kisha vishindo vya watu wengi, kisha mtu akasema, "Bi Zakiya, sema, wanakusikia."

"Assalamu alaikum, watu wa Mtondooni. Mimi Zakiya, binti Thuwaiba."

Walimjibu kwa pamoja. Alikuwa hajayasikia matamshi yale kwa wingi namna ile tangu siku ya arusi yake.

"Ile video ni yangu. Chumba changu, maneno yangu, na hamu ni yangu. Marhoon hakuniomba kitanda. Mimi ndiye niliyemuomba aje, nikamuomba mpaka nikamchosha. Nimesema hamna shukrani, na mimi nawaomba radhi. Mtu mwenye hamu hana adabu, jamani." Wanawake wakacheka kidogo. "Alinambia akishindwa atakuja, na mimi nilikuwa namngojea ashindwe. Nnakwambieni ukweli. Sasa waliomjua mama yangu watanifahamu: kile kitanda nimekitandua. Nimekitandua leo kwa mikono yangu, kabla ya kupokea simu hii. Mkimchagua, ni wenu, mimi simwiti tena."

Zakiya alidhani simu imekatika. Kisha vikapanda vigelegele, kimoja, halafu vingi, mpaka akaiweka simu mbali na sikio. Na katikati ya kelele zile sauti ya bibi kizee, karibu kabisa na kipaza sauti, ikauliza, "Na wewe Zakiya, unakuja lini?"

Watu wakaangua kicheko, wengine wakapiga makofi.

"Inshallah," Zakiya akasema. Ile inshallah ya watu wa ughaibuni, ambayo haina tarehe. Simu ikakatika.

Jumamosi watu walipiga kura. Jumapili asubuhi Mahbuba, nani mwengine, ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga simu, akipiga kelele hata hasikiki. Marhoon kashinda. Si kwa kura nyingi, lakini kashinda, na wanawake ndio waliomrudisha, wengine wameingia kituoni wakisema wametumwa na Zakiya. Nyumba ya Darsait ikajaa. Jamaa walikuja na halwa, kahawa ikamiminwa, kila mtu anampa mkono, "Mabruk, Bi Zakiya! Ndugu yako Mheshimiwa sasa!" Naye anacheka, anashukuru, anasukuma sahani ya halwa mbele ya wageni. Moyoni anaungua. Alifurahi, usimdhanie vibaya, alimfurahia kweli. Lakini alimtaka, na sasa amemkosa kwa mkono wake mwenyewe, na hana wa kumlaumu.

Wageni walikuwa wakiondoka Marhoon alipopiga simu. Zakiya aliichukua akaenda nayo chumba cha mwisho.

"Dada," Marhoon alisema, sauti imemkauka kwa hotuba. "Umenishindisha wewe."

"Wamekuchagua watu wako. Kula kwanza, umekula?"

"Nimekula. Dada, watu huku hawana jengine, wananiuliza unakuja lini. Maji nimewaahidi mimi, kuja umewaahidi wewe. Tusiwe waongo sote wawili."

Akacheka, na Zakiya akacheka. Alikuwa amekaa juu ya godoro tupu. Kutoka jikoni alimsikia Rashidah akiosha vikombe, na lile la Masaka likamrudia, lile la kitanda na Jumamosi.

"Marhoon. Kile kitanda changu cha dirishani huko nyumbani, kipo?"

"Kipo."

"Analala nani?"

"Halali mtu. Mama alikataza, na mimi nikaendelea kukataza."

"Kimetandikwa?"

Zakiya alisikia jogoo huko, na mtu akimwita Mheshimiwa, na Marhoon akimwambia asubiri.

"La, dada," akasema. "Mama alikuwa akikitandika. Kila mwezi ukiandama alibadilisha shuka, mpaka mwezi aliokufa. Mimi baada yake sikukitandika tena. Nilijua huji, sikutaka kukusumbua."

Bi Zakiya aliweka mkono wake mdomoni. Miaka yote ile mama yake alikuwa akimwita, na yeye huku anasema ni goti. Aliyatazama mashuka meupe yaliyokunjwa juu ya kiti, yenye harufu ya ubani bado, hayajalaliwa na mtu.

"Dada? Upo?"

"Nipo," alisema. "Kitandike."

"Nini?"

"Kitandike, Marhoon."